Moyo wa mama umekuwa mkubwa: umeme wake unaharibikaje?

Swali la msomaji

"Shikamoo daktari. Mimi ni fundi wa kufunga umeme majumbani, naishi Igoma, Mwanza. Mama yangu ana miaka 58, anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Aligundulika na presha mwaka 2011, na dawa anameza akijisikia vibaya. Miezi miwili iliyopita alianza kukosa pumzi akipanda kilima kurudi nyumbani, miguu ikavimba. Picha ya kifua imeonyesha moyo ni mkubwa. Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikasema chumba cha chini cha kushoto kimetanuka na nguvu ya kusukuma ni asilimia 38. Kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, wameandika tawi la kushoto limeziba. Mwenyewe analalamika kwamba usiku moyo unaruka kama sato kwenye ndoo. Naomba unieleze kifundi: moyo ukiwa mkubwa, umeme wake unaharibikaje? Na je, anaweza kuanguka ghafla? Usinifiche."

Jibu

Marahaba, kijana wangu. Pole sana, na mama mfikishie pole zangu.

Umesema nisikufiche. Ndiyo, mtu mwenye moyo kama wa mama anaweza kuanguka ghafla. Lakini hatari hiyo ina chanzo, chanzo chake kinasomeka kwenye vipimo mlivyokwisha kufanya, na sehemu yake kubwa inaweza kurudishwa nyuma kwa vidonge vinavyopatikana hapa hapa Mwanza. Katika barua yako yote kilichonishtua zaidi ni maneno manne: "dawa anameza akijisikia vibaya". Nitayarudia.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. "Moyo mkubwa" kwenye picha ya kifua maana yake ni kwamba kivuli cha moyo kimezidi nusu ya upana wa kifua. Picha haisemi umekua kwa namna gani. Kuna moyo ulionenepa kuta, kama mkono wa mbeba mizigo, kwa sababu kwa miaka umekuwa ukisukuma damu dhidi ya presha kubwa. Na kuna moyo uliotanuka, vyumba vimevutika na kuta zimechoka. Presha isiyotibiwa kwa kawaida huanza na ule wa kwanza, kisha miaka ikienda moyo hugeuka kuwa wa pili. Kwa majibu ya eko, mama ameshafika huko kwa pili.

Sasa umeme. Wewe unajua nyaya, kwa hiyo nianze pale ambapo ufundi wako utakupotosha. Nyumbani waya ni waya na taa ni taa. Mkondo unatoka kwenye mita, unapita kwenye shaba, unafika. Moyoni hakuna shaba. Kila seli ya nyama ya moyo ni jenereta, ni waya na ni mashine kwa wakati mmoja. Ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi kwa takriban milivolti 90 ukilinganisha na nje. Jirani yake akiishtua, milango ya sodiamu inafunguka, chaji inaingia kwa kasi na seli inageuka kuwa chanya. Inafuata kalsiamu, na hiyo kalsiamu ndiyo inayoiamuru nyama ijikunje. Mwishoni potasiamu inatoka na seli inarudi ilipokuwa. Safari nzima huchukua kama robo sekunde. Kwenye neva shughuli kama hii huisha ndani ya milisekunde moja au mbili. Moyo unakawia kwa manufaa yake, maana katika robo sekunde hiyo seli haipokei amri nyingine, na nyama inapata muda wa kujikunja na kulegea. Ishike hiyo robo sekunde, tutaihitaji mbele.

Amri yenyewe inaanzia kwenye kituo kidogo kilicho juu ya chumba cha juu cha kulia. Inasambaa vyumba vya juu, inafika kwenye nodi ya katikati, ile aliyoieleza Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906, na hapo inapunguzwa mwendo hadi kama sentimita 5 kwa sekunde ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu. Ikitoka hapo inaingia kwenye njia kuu inayogawanyika matawi mawili, la kulia na la kushoto, yanayoishia kwenye nyuzi za Purkinje. Ndani ya nyuzi hizo amri inakimbia mita 2 hadi 4 kwa sekunde. Ikitoka kwenye njia hiyo na kulazimika kupita ndani ya nyama ya kawaida, mwendo unashuka chini ya mita 1.

Umewahi kuwaona wavuvi wa dagaa wakivuta wavu usiku, taa zikiwaka juu ya maji? Wavu unapanda kwa sababu wote wanavuta kwa sauti moja. Tawi la kushoto likiziba, upande wa kulia na ukuta wa katikati unapata amri kwa wakati, ila ukuta wa pembeni wa kushoto unaipata kwa kupokezana, seli kwa seli, tena kwa kuchelewa. Ukuta wa katikati unavuta wakati wa pembeni bado umelegea. Wa pembeni unapokuja kuvuta, wa katikati umeshaachia. Damu inayumbishwa ndani ya chumba huku na huko, na inayotoka kwenda mwilini inapungua. Ndiyo maana nasema kizuizi hicho kwa mama ni matokeo ya moyo kutanuka na pia ni sababu ya kuuchosha zaidi. Kila kimoja kinamlisha mwenzake.

Ichukue karatasi yake ya ECG uipime mwenyewe. Karatasi kwa kawaida inakwenda milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila mraba mdogo ni sekunde 0.04. Tafuta lile wimbi lenye ncha kali kuliko yote, linaloitwa QRS. Herufi hizo zilitolewa na Mholanzi Willem Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake ya kuupima umeme wa moyo. Kwa mtu asiye na tatizo upana wa wimbi hilo haufiki miraba mitatu midogo. Tawi la kushoto likiziba sawasawa, unafika miraba mitatu au kuizidi, yaani sekunde 0.12 kwenda juu. Iandike namba ya mama kwenye daftari. Kama imefika sekunde 0.15, nitakueleza baadaye kwa nini ina uzito. Urefu wa mawimbi usikusumbue: mtu mwembamba huonyesha mawimbi marefu bila moyo kunenepa, na kwa mtu mnene moyo ulionenepa unaweza kujificha. Unene wa kuta tunaupima kwa eko.

Turudi kwenye kiini cha swali. Miaka zaidi ya kumi ya presha inafanya nini ndani ya nyama?

Seli za moyo wa mtu mzima karibu haziongezeki idadi. Zikizidiwa kazi zinanenepa. Mishipa midogo inayozilisha haiongezeki kwa kiwango hicho, kwa hiyo tabaka la ndani linabaki na njaa ya oksijeni kila mama anapopanda kilima na ndoo kichwani. Mwili nao, ukidhani damu imepungua, unamwaga adrenalini na homoni za kubana maji na chumvi. Kwa siku chache hilo ni msaada. Kwa miaka, homoni zilezile zinachochea makovu membamba kati ya seli na seli. Na hapo umeme unaanza kuharibika, kwa njia zaidi ya moja.

Milango ya potasiamu inapungua. Ile robo sekunde ya kurudi kwenye utulivu inarefuka, na ubaya wake ni kwamba hairefuki sawa kila mahali: seli hii imesharudi, jirani yake bado. Seli inayokawia sana inaweza kurusha cheche kabla haijatulia. Halafu kuna kalsiamu. Ndani ya kila seli kuna ghala la kuihifadhi. Kwenye moyo uliochoka lango la ghala linavuja, na pampu ya kurudisha ndani imedhoofu. Kalsiamu iliyovuja inatolewa nje kwa kubadilishana na sodiamu, na katika kubadilishana huko chaji chanya inayoingia ni nyingi kuliko inayotoka. Matokeo yake ni cheche nyingine, hii ikitokea baada ya seli kutulia, hasa adrenalini ikiwa juu: hofu, hasira, homa, kazi nzito. Kuna pia kuvutika kwenyewe. Seli ya moyo ikinyooshwa kupita kiasi inafungua milango inayoitikia mvuto, na umeme unabadilika papo hapo. Kwa hiyo mgonjwa aliyejaa maji mwilini anaweza kuwa na mapigo ya ovyo leo, na wiki ijayo maji yakitoka yakapungua, bila dawa nyingine yoyote ya mapigo.

Cheche peke yake haitoshi kumuangusha mtu. Karibu kila mmoja wetu anapata chache kwa siku bila kujua. Balaa linakuja cheche inapokuta njia ya kuzunguka.

Wewe unajua kiungo kilicholegea kinavyofanya. Seli za moyo zimeunganishwa, hasa kwenye ncha zake, na vijitundu vya protini inayoitwa koneksini, ndiyo sababu umeme unapenda kwenda kwa urefu wa nyuzi. Kwenye moyo uliotanuka vijitundu hivyo vinapungua, na vilivyobaki vinahama kutoka kwenye ncha kwenda ubavuni. Umeme unapungua mwendo na kupoteza mwelekeo. Ongeza makovu. Fikiria Ghuba ya Mwanza magugu maji yakiingia: mtumbwi uliokuwa unakwenda moja kwa moja sasa unapinda kulia, unapinda kushoto, unatafuta upenyo, unachelewa kufika. Umeme katikati ya makovu unasafiri hivyohivyo. Na wakati mwingine unazunguka kisiwa cha kovu na kurudi ulikotoka.

Hapo ndipo robo sekunde yetu inapohitajika. Umeme ukitaka kuzunguka bila kufa, ni lazima ukirudi pale ulipoanzia ukute seli zimeshatulia na ziko tayari kupokea. Kwenye nyama nzima, inayopitisha kwa mita 0.5 kwa sekunde, zidisha kwa sekunde 0.25: mzunguko unahitaji njia ya sentimita 12.5. Njia ndefu namna hiyo haipatikani kirahisi kwenye moyo unaolingana na ngumi. Sasa chukua nyama yenye makovu, mwendo umeshuka hadi mita 0.2 kwa sekunde. Zidisha tena. Sentimita 5. Njia hiyo inatosha kuzunguka kovu moja, na moyo uliotanuka una makovu mengi na uwanja mpana. Mwaka 1914 Mmarekani Walter Garrey alikata vipande vya moyo wa wanyama uliokuwa ukitetemeka ovyo. Vipande vikubwa viliendelea kutetemeka, vidogo vikatulia. Ukubwa, kumbe, ni sehemu ya ugonjwa wenyewe: mtetemo unahitaji nafasi ya kuishi, na moyo uliotanuka unaupa nafasi hiyo.

Yote haya yanaleta hatari mbili ninazotaka uzijue, na moja watu wengi hawaifikirii kabisa.

Hiyo isiyofikiriwa iko vyumba vya juu. Chumba cha chini kikiwa kigumu au kimejaa, cha juu cha kushoto nacho kinavutika, kinapata makovu yake, na siku moja kinaacha kupiga kwa mpangilio kinabaki kutetemeka. Mgonjwa hafi hapo. Lakini damu inatuama kwenye kimfuko kilicho pembeni ya chumba hicho, inaganda, na donge likichomoka na kupanda kichwani ni kiharusi. Mtetemo huo unaongeza hatari ya kiharusi kama mara tano. Namkumbuka mzee mmoja, mvuvi wa visiwani, aliyeletwa kwetu upande mmoja umepooza. Familia ilisema mwaka mzima alikuwa akilalamika moyo unacheza. Alikuwa amepimwa presha sehemu mbili tofauti, na kote mashine ilisoma namba akaruhusiwa. Hakuna aliyemshika kifundo cha mkono kwa dakika moja. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana kipimo hicho hakigharimu hata shilingi.

Kwa hiyo jifunze leo. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mama, upande wa ndani wa kifundo, hesabu sekunde 60 kamili asubuhi kabla hajanyanyuka. Unatafuta vitu viwili: idadi, na mpangilio. Mapigo yaliyonyooka na moja la kuruka hapa na pale ni habari moja. Mapigo yasiyo na mpangilio wowote, huwezi kutabiri linalofuata, ni habari nyingine, na hiyo mpeleke siku hiyohiyo akapigwe ECG nyingine. Ikithibitika ni mtetemo, kwa presha yake na moyo uliochoka, atahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Aspirini haichukui nafasi yake. Ipi ipewe, inategemea vali. Kama eko imeonyesha vali ya kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini imebana kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni, jambo ambalo huku kwetu bado tunaliona, dawa sahihi ni wafarini, pamoja na usumbufu wake wote wa kupima damu mara kwa mara. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 uliwalinganisha wagonjwa wa aina hiyo waliotumia dawa mpya ya rivaroksabani na waliotumia dawa za kundi la wafarini. Wa kundi la wafarini walikufa wachache zaidi.

Hatari ya pili ndiyo uliyoniuliza: mzunguko kwenye vyumba vya chini. Ukidumu, mapigo yanakwenda mbio kiasi kwamba chumba hakijai damu. Ukivunjika vipande vipande, chumba kizima kinatetemeka na hakuna kinachosukumwa. Mtu anaanguka ndani ya sekunde chache.

Uwezekano ni mkubwa kiasi gani? Nitakupa namba ninazoziamini, ila uzisome kwa uangalifu. Denmark, mwaka 2016, walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,116 wenye moyo dhaifu usiotokana na mishipa ya moyo kuziba, nguvu ya kusukuma asilimia 35 kushuka chini. Walifuatiliwa zaidi ya miaka 5. Kati ya wasiowekewa kifaa cha kushtua moyo, waliokufa ghafla walikuwa asilimia 8.2, waliowekewa, asilimia 4.3. Vifo vya ghafla vilipungua karibu nusu, lakini vifo vyote kwa jumla havikupishana sana: asilimia 23.4 na 21.6. Wale walikuwa wakimeza dawa zao kila siku. Mama hajawa mmoja wao bado.

Ndipo nayarudia yale maneno manne, "dawa anameza akijisikia vibaya". Mwaka 1999 ulitoka utafiti wa wagonjwa 3,991 wenye moyo uliodhoofu. Nusu walipewa metoprololo, nusu kidonge kitupu kisicho na dawa. Waliokufa ghafla kwa kidonge kitupu walikuwa 132, kwa metoprololo 79. Hakikuwa kifaa cha kupasuliwa kifua, kilikuwa kidonge, dozi ikianza ndogo na kupandishwa polepole. Kinafanya kazi kwa sababu kinaizuia adrenalini isifike kwenye seli, kwa hiyo cheche za kalsiamu zinapungua, na taratibu moyo wenyewe unasinyaa. Ndugu zake, bisoprololo na kavedilolo, hufanya kazi hiyohiyo. Losatani au enalaprili zinapunguza makovu na mzigo. Spironolaktoni inazuia makovu na kuhifadhi potasiamu. Siku hizi tunaongeza dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari. Daktari wa mama ndiye atakayepanga ipi na kwa kiasi gani, kutegemea presha, mapigo na figo zake. Ninachokuomba wewe ni kuhakikisha zinamezwa siku zote, akijisikia mzima kama akijisikia mgonjwa. Zile za kundi la metoprololo zikikatishwa ghafla ni hatari zaidi kuliko mtu anavyodhani: adrenalini inarudi kwa kishindo kwenye moyo uliozoea kulindwa.

Na huku Usukumani tuna tatizo jingine ambalo halimo vitabuni. Nikimuuliza mama wa rika hilo hali yake, ananijibu "mhola duhu", salama tu, huku amelala na mito mitatu ili apumue. Usimuulize mama kama anaumwa. Muulize amelala na mito mingapi, ameamka mara ngapi, viatu vinambana.

Kuhusu sato kwenye ndoo. Ninachodhani, kwa maelezo yako, ni mapigo ya ziada. Cheche inatoka kabla ya wakati, pigo lake ni dogo hata halisikiki. Kinafuata kimya kirefu kidogo, chumba kinajaa kuliko kawaida, na pigo linalofuata linagonga kwa nguvu. Kugonga huko ndiko anakokusikia, hasa usiku akilalia ubavu wa kushoto na nyumba imetulia. Yenyewe mara nyingi hayaui. Lakini kwa moyo wa asilimia 38 hatubahatishi: aombe kipimo cha kuvaa mashine ya umeme wa moyo kwa saa 24, tuone kama ni moja moja au yanakuja kwa mfululizo. Usikimbilie kutafuta dawa ya "kutuliza moyo kuruka". Mwaka 1989 Wamarekani waligundua jambo la kuogofya: wagonjwa waliowahi kupata shambulio la moyo, wakapewa dawa zilizopunguza sana mapigo ya ziada, walikufa wengi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Dawa zile zilizima cheche huku zikipunguza mwendo wa umeme, na mwendo ukipungua, umeshaona kwenye hesabu yetu, mzunguko unapata njia.

Vifaa vipo. Ipo betri ya moyo yenye waya wa ziada unaofika ukuta wa kushoto, ambayo inawarudisha wavuta wavu kwenye sauti moja. Inasaidia zaidi pale tawi la kushoto limeziba, wimbi limefika upana wa sekunde 0.15, na nguvu imebaki asilimia 35 kushuka chini licha ya dawa za kutosha. Kifaa cha kushtua moyo nacho kinafikiriwa kwenye asilimia hiyohiyo. Mama ana 38 na hajaanza kutibiwa inavyotakiwa, kwa hiyo hatua ya sasa ni dawa kwa miezi isiyopungua mitatu, kisha eko nyingine. Mioyo mingi iliyochoshwa na presha hupanda asilimia katika muda huo. Ikibidi kifaa, kliniki ya moyo Bugando itawaelekeza, na rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, si jambo geni.

Potasiamu isikupite. Akipewa Lasix ya kutoa maji, potasiamu na magnesiamu vinatoka na mkojo, na ile milango iliyokwishapungua inakosa hata ilichokuwa nacho: cheche zinaongezeka. Akiharisha siku mbili akiwa kwenye dawa hiyo, asisubiri, akapimwe. Upande wa pili, spironolaktoni na losatani pamoja zinaweza kuipandisha mno, hasa figo zikiwa zimechoka, na potasiamu nyingi inalala juu ya umeme mpaka moyo unasimama. Kipimo cha damu cha potasiamu na figo wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa, au kila dozi ikibadilishwa, ni cha lazima kama vidonge vyenyewe.

Dukani asinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya mgongo. Zinabana maji na chumvi na kuziumiza figo. Akiugua malaria atibiwe, tena upesi, ila amwambie mhudumu kwamba ana moyo mkubwa, maana kwinini hurefusha ile robo sekunde, na baadhi ya antibayotiki kama erithromaisini na azithromaisini nazo hivyohivyo. Mbili kwa pamoja kwa moyo wake ni mzigo. Dagaa wa kuanikwa juani bila chumvi ale. Kayabo, yule sangara wa chumvi, amwachie mteja.

Swali moja nakuuliza mimi: amewahi kuishi Ukerewe au kijiji chochote cha mwaloni, akioga na kufua ziwani? Kichocho cha tumbo kikikaa miaka kinaumiza ini, na kwa baadhi ya watu kinapandisha presha ya mapafu, moyo wa kulia nao ukatanuka. Ugonjwa wa mama uko kushoto na presha inatosha kuueleza, lakini mwambie anayefanya eko asome na presha ya mapafu. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni rahisi kupatikana.

Kazi anaweza kuendelea nayo, kwa kukaa na kuuza. Ndoo abebe mwingine, mpaka eko ya pili. Akizimia hata kwa sekunde tano, au mapigo yakaanza mbio ghafla pamoja na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, msiende kliniki ya kesho, nendeni dharura muda uleule. Uzito wake upimwe kila asubuhi baada ya kwenda haja. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu ni maji, mpigie daktari wake. Na akianguka mbele yako, haitikii na hapumui sawasawa, mlaze chali, weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, kandamiza kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari. Wewe mwenyewe ulishafundishwa kumwokoa fundi mwenzako aliyepigwa shoti. Mikono ni ileile.